Ua la Kastabini na Ndugu Zake wa Lamu

Mbegu zilikuja na binti wa mama mdogo aliporudi likizo kutoka Uingereza. Ilikuwa pakiti moja nyembamba, na juu yake picha ya maua ya zambarau yaliyopangana kwenye bua refu, yakining'inia kama kengele. Mama mdogo aliyapenda kabla hajaifungua pakiti. Alikuwa ameambiwa kwamba mmea huu unataka baridi, basi akaziweka mbegu wiki mbili ndani ya friji, kisha akazipanda kwenye makopo kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, kati ya asmini na rehani. Kila alfajiri akamwagilia. Zikaota. Majani yakatanuka, laini, yenye manyoya, yakajipanga chini kwa duara kama sahani. Mwaka mzima ukapita na bua halikutoka. Kaskazi ilipoingia na joto lake, majani yakaanza kuoza moja baada ya jingine, na siku moja akaniita: "Mwanangu, hebu njoo utazame. Ua hili limekufa, au lilinikataa tangu mwanzo?"

Nilipomaliza kumjibu akaniuliza la pili: "Basi halina ndugu, anayestahimili jua letu?"

Swali la kwanza lina jibu moja. La pili lina majibu matatu yanayogombana, kwa sababu neno "ndugu", tukilitumia kwa mimea, linabeba mambo matatu tofauti, na anayeyachanganya anaweza kujikosesha ua zuri au kumuua punda wa jirani. Nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi.

Kwanza mmea wenyewe. Kitaalamu ni Digitalis purpurea. Hapa nitauita digitalisi. Waingereza wanauita kwa jina lenye maana ya glavu ya mbweha. Wajerumani wanauita Fingerhut, yaani kastabini, ile kofia ndogo ya chuma anayovaa fundi kidoleni asichomwe na sindano. Leonhart Fuchs, tabibu wa Kijerumani, alipotaka kuupa jina la Kilatini mwaka 1542, alilifuata hilo hilo la kwao: akachukua neno digitus, kidole, akaunda Digitalis. Katika mji wa washona kofia kama huu wetu, nadhani hakuna jina litakalokaa vizuri kuliko ua la kastabini. Ukilichuma moja na kulivika kidole, linaenea.

Asili yake ni Ulaya ya magharibi, kando ya misitu na penye miti iliyokatwa mwanga ukaingia. Udongo wa huko una uchachu kidogo, umejaa majani yaliyooza, na haukauki upesi. Mmea huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yaliyolala chini. Baridi hupita juu yake. Mwaka wa pili hupandisha bua la mita moja na zaidi, wakati mwingine karibu mbili, ukachanua kuanzia chini kwenda juu, ukamwaga mbegu ndogo kama ugoro, ukafa.

Sasa friji. Mama mdogo hakukosea kuamini kwamba digitalisi inataka baridi. Kilichokosewa ni umri. Digitalisi haihesabu baridi ikiwa bado mbegu; huanza kuihesabu ikishapata majani ya kutosha. Hapo inahitaji wiki kadhaa za baridi, kwa kawaida chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ndipo ndani ya mmea lifunguke lile linaloruhusu bua kupanda. Ukiutazama kwa jicho la Ulaya, utaratibu huu una akili. Mmea ambao ungechanua mara tu unapopata nguvu, mwishoni mwa kiangazi chao, ungekutana na barafu kabla mbegu hazijakomaa. Kwa hiyo unangoja uone kwamba baridi imekuja na imeondoka. Baridi ndiyo kalenda yake.

Lamu iko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta. Hata ile miezi ya kusi tunapojifunika shuka usiku, joto haliko popote karibu na 10. Kwa hiyo jibu la swali lake la kwanza ni kwamba ua halikumkataa. Lilikaa likingoja ishara, na ishara haikuja mpaka joto likalimaliza.

Joto nalo lina ukatili wake. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa mwanga, usiku huitumia kupumua. Usiku ukiwa wa baridi matumizi ni madogo, na akiba inabaki. Usiku wetu wa Februari una joto na unyevu, na mmea wa nchi za baridi unakula karibu yote uliyochuma mchana. Unadhoofika, na hapo ukungu wa mizizi unaingia kwenye udongo wenye maji vuguvugu. Halafu kuna chokaa. Kisiwa chetu ni mchanga na matumbawe, nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kopo lililoegemezwa ukutani hupokea vumbi jeupe kila upepo unapovuma. Digitalisi hupenda udongo wenye uchachu. Chokaa huuondoa uchachu huo, na majani yakageuka manjano kwa kukosa madini ya chuma hata kama chuma kimo udongoni. Ukimwagilia na maji ya kisima chenye chumvi, umezidisha.

Kwa yule ambaye roho yake haitulii mpaka alione, njia ipo, nami nitaisema kwa ufupi kwa sababu siipendekezi sana. Kuna aina zilizochaguliwa na wakulima wa maua zichanue mwaka ule ule bila kungoja baridi. Zinauzwa kwa majina kama Foxy, Camelot na Dalmatian. Panda hizo, tena kusi inapoanza, ili miezi yake ya ukuaji iangukie Juni mpaka Agosti. Usizifunike mbegu kwa udongo, kwa maana zinahitaji mwanga kuota. Zimwage juu, uzikandamize kidogo kwa kiganja, na kopo ulinyweshe kwa chini. Tumia mboji ya majani iliyochanganywa na samadi iliyoiva, usitumie mchanga wa pwani. Maji yawe ya mvua. Jua liwe la asubuhi tu. Ukipata bua la kimo cha goti lenye maua machache, umefaulu, na usitarajie la pili.

Turudi kwa ndugu.

Undugu wa kwanza ni wa damu, na hapa hata wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Zamani digitalisi ilihesabiwa katika familia ya Scrophulariaceae, kwa sababu watu walitazama umbo la ua: mrija, mdomo wa chini uliojitokeza, nyuzi nne za chavua. Miaka ya 1990 DNA ya mimea ilipoanza kusomwa, ile familia ilivunjika vipande. Ikaonekana kwamba waliofanana sura hawakuwa mlango mmoja, na digitalisi ikahamishiwa Plantaginaceae, familia ya plantago, kijimmea cha kando ya njia ambacho ua lake hulioni mpaka uiname. Ni kama familia iliyokuwa ikijinasibisha na watu wa mji wa pili, halafu nyaraka za zamani zikafunguliwa.

Katika mlango huo wa damu wamo wawili wanaotufaa sana, na hawa ndio ningempa mtu wa Lamu kabla ya mwengine yeyote. Mmoja ni ruselia, Russelia equisetiformis, mzaliwa wa Meksiko. Vijiti vyake ni vyembamba, karibu havina majani, vinamwagika chini kama maji, na maua yake ni mirija myekundu. Pengine umeuona ukining'inia juu ya ukuta bila kujua jina. Unavumilia chumvi ya hewa, unavumilia mchanga, unavumilia kusahauliwa wiki nzima. Kuuzalisha ni kazi ndogo: lalisha kijiti kimoja juu ya udongo wenye unyevu, kiwekee kijiwe, kitaota mizizi pale kilipogusa. Upande juu ya dari, karibu na ukingo, uuache umwagikie ukutani. Asubuhi utaona chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akitia mdomo ndani ya kila mrija. Digitalisi kwao huhudumiwa na nyuki wakubwa wenye manyoya, jamii ya bombasi, ambao Afrika kusini ya Sahara hatuna wa asili. Ruselia haiwahitaji, chozi anatosha.

Wa pili ni angelonia, Angelonia angustifolia, nayo ya Meksiko na visiwa vya Karibi. Huyu anakaribia digitalisi kwa mpangilio, maana maua yanapanda bua moja baada ya jingine, zambarau, waridi au meupe, ila ua lenyewe limefunguka badala ya kuwa mrija, na kimo ni cha goti. Anataka jua kamili. Ukipunguza ncha baada ya wimbi la kwanza la maua, anachanua tena.

Ukipanda juu zaidi ya familia, kwenye kile wataalamu wanachokiita oda, ukoo unakuwa mkubwa na wa kustaajabisha. Oda ya digitalisi inaitwa Lamiales. Ndani yake imo rehani. Imo asmini, ile tunayoitunga. Umo mchu, mkoko wetu unaosimamisha mizizi ya kupumulia kwenye tope. Imo simsim. Mama mdogo alikuwa ameyaweka makopo yake kati ya asmini na rehani bila kujua kwamba amemrudisha mgeni kwa watu wake. Nilipomwambia alicheka mpaka akaketi.

Undugu wa pili ni wa sura, na hapa mshindi ni simsim hiyo hiyo.

Sielewi kwa nini hatuihesabu simsim kuwa ua la bustani. Tunaila katika kashata, mafuta yake ya uto wazee wetu waliyatumia kwa chakula na kwa kujipaka, na bado inalimwa bara ya Lamu, upande wa Mpeketoni na Witu. Lakini nenda ukaitazame siku inapochanua. Bua limesimama wima, maua yametoka kwenye makwapa ya majani kuanzia chini kwenda juu, kila ua mrija unaoning'inia, mweupe wenye wekundu wa zambarau, mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, vinyweleo vidogo kwa nje. Mtu anayeijua digitalisi atasimama. Kusini mwa Afrika kuna jamaa ya karibu ya simsim, Ceratotheca triloba, ambayo wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani huipanda na kuiita kwa jina la digitalisi ya Kiafrika, kwa kufanana huko tu. Na nduguye, Ceratotheca sesamoides, ni miongoni mwa mboga zinazoitwa mlenda huko Tanzania. Sura ya ua linalotafutwa kwa pakiti ya ng'ambo imo katika sufuria za jirani zetu.

Kuipanda simsim nyumbani hakuna siri, ila jambo moja: inachukia maji yaliyotuama. Kopo liwe na tundu kubwa, udongo uwe mwepesi, na jua lisizuiwe na kitu. Mbegu zifunikwe kidogo mno. Zikiota punguza, uache nafasi ya shibiri kati ya mche na mche. Ua hufunguka alfajiri na mrija wake hudondoka siku ile ile, kwa hiyo usilichume la kuweka ndani, lifurahie lilipo. Kwa muda wa miezi mitatu minne utapata maua kisha mbegu. Vitumba, yaani maganda ya mbegu, vikianza kugeuka njano, kata bua mapema, ulisimamishe juani juu ya kitambaa, kwa sababu kitumba kikikauka hupasuka chenyewe na kumwaga.

Undugu wa tatu ndio uliosababisha niandike haya, na kwa huu ninatumia neno la wazee: ndugu wa kuchanjia. Watu wawili wasio wa mlango mmoja walichanjwa, wakaonjana damu, na tangu siku hiyo wakawa ndugu kwa kile kilichomo ndani yao. Digitalisi ina ndugu wa namna hii Lamu nzima, na hakuna hata mmoja anayefanana nayo.

Kilichomo ndani ni sumu ya moyo, na sumu hiyo ni dawa pia. Mwaka 1785 tabibu William Withering wa Birmingham alichapisha kitabu kuhusu digitalisi baada ya kuifuatilia takriban miaka 10. Alianzia kwenye dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa akitibu uvimbe wa mwili. Ilikuwa na mitishamba ishirini na kitu, na Withering akatambua kwamba unaofanya kazi ni mmoja tu. Aliandika pia dalili za kuzidisha: kichefuchefu, mapigo kwenda polepole mno, vitu kuonekana vya njano au kijani. Mwaka 1930 Sydney Smith wa Uingereza alitoa kutoka kwa digitalisi nyingine, Digitalis lanata, dawa inayoitwa digoksini, ambayo mpaka leo hospitali hutoa kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu, au pungufu.

Namna inavyofanya kazi, mfikirie baharia anayefua maji chomboni. Kila seli ya moyo ina pampu kwenye ngozi yake, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, mchana na usiku. Digoksini humshika baharia mkono. Sodiamu inapanda ngamani, ndani ya seli, kama maji tumboni mwa chombo. Ikipanda, seli inashindwa kutoa kalsiamu yake kama kawaida, na kalsiamu ikizidi kidogo, msuli wa moyo hujikunja kwa nguvu zaidi. Kwa moyo uliochoka, hiyo ni nafuu. Lakini mshike baharia mikono yote miwili na chombo kinazama: mapigo yanapotea mpangilio na moyo unasimama. Kati ya mkono mmoja na miwili nafasi ni ndogo sana, na jani la mti halina kipimo. Moja lina nyingi, jingine kidogo, kutegemea umri, jua na majira. Ndiyo maana sitamwelekeza mtu yeyote kuchemsha jani la digitalisi, hata kama babu yake alikuwa mganga. Likiwa bado change hufanana na la komfri, mmea mwingine wa Ulaya, na Ulaya kuna waliokunywa chai ya moja wakidhani ni ya jingine.

Pampu hiyo iligunduliwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Kithibitisho chake kikubwa kilikuwa kemikali inayoizuia pampu, ouabaini. Jina hilo limetoka kwa jirani zetu: ni neno la Kisomali, waabaayo, mti wa sumu ya mishale. Mfaransa Arnaud aliitenga ouabaini mwaka 1888. Mti huo ni wa jenasi ya Acokanthera, ule ule unaoitwa msunguti, ambao Wagiriama na Wasanye walichemsha magome na matawi yake mpaka yakawa lami nyeusi ya kupaka mishale. Na mapema zaidi, katika safari ya Livingstone mtoni Zambezi, John Kirk, tabibu wa msafara huo, aliweka mswaki mfuko mmoja na sumu ya mishale ya mmea mwingine, strofanthasi. Alipopiga mswaki alihisi uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kirk huyo baadaye ndiye aliyekaa Unguja kama mwakilishi wa Uingereza, zama Lamu ikiwa chini ya Sultani. Strofanthasi nayo ikawa dawa ya moyo Ulaya.

Msunguti na strofanthasi ni wa familia ya Apocynaceae, mbali kabisa na digitalisi. Lakini kila mmoja, kwa njia yake, amefika kwenye kemikali za namna moja, kwa sababu zinamfukuza anayetaka kula majani. Hata chura ana sumu ya mlango huo katika ngozi yake. Hapo ndipo usemi wa "huyu na yule ni jamaa, basi tabia ni moja" unapoanguka: ruselia na angelonia, ndugu wa damu, hazijulikani kuwa na sumu hii ya moyo, lakini oleanda, isiyo ndugu wa damu wala wa sura, imejaa.

Na oleanda ndiyo tuliyoipanda kila mahali. Ile ya waridi na nyeupe, yenye majani membamba kama mikuki, inayopendeza kwenye ua wa nyumba za wageni. Ile ya njano, yenye majani membamba zaidi na tunda la kijani lenye pembe. Limo humo pia waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa. Undugu wao na digitalisi ni wa kweli kiasi kwamba dawa ya kingamwili iliyotengenezwa kwa waliozidishiwa digoksini imetumika kuokoa waliodhurika na oleanda ya njano huko Sri Lanka.

Sisemi zing'olewe. Zinastahimili upepo wa bahari kuliko mimea mingi, na mimi mwenyewe nimezipenda tangu utotoni. Nasema tujue la kufanya na matawi yanayokatwa. Lamu ni mji wa punda, na kwa desturi yetu taka za bustani hutupwa penye uwazi, ambapo punda hupita njaa ikiwauma. Jani bichi la oleanda ni chungu na punda mwenye shibe huliacha. Likikauka uchungu hupungua na sumu hubaki, na majani machache yanatosha kumwangusha mnyama mzima. Mwaka jana niliona rundo la matawi makavu ya oleanda limeegemezwa kwenye kichochoro, na punda wawili wamefungwa hatua tatu kutoka hapo. Tulilibeba, mimi na kijana wa jirani, tukalifukia. Usiyachome, kwa kuwa moshi wake nao unadhuru. Usiyatumie kuchokonolea mkaa wala kuchomea mishikaki. Mtoto akitafuna, usingoje dalili. Mpeleke hospitali pamoja na tawi lenyewe walione.

Mama mdogo sasa ana ruselia kwenye ukingo wa dari, na makopo yale yale ya zamani yana simsim. Pakiti tupu yenye picha ameibandika jikoni. Wiki iliyopita nilimkuta kiwandani jua likianza kupanda, ameinama, akiokota mirija ya maua iliyokwisha dondoka. Alichukua mmoja, akauvika kidole cha mwisho, akanionesha mkono.

"Tazama," akasema. "Inaenea."